Ametoboa, Lakini Ni Mtu wa Namna Gani?

Kisanduku cha kikoba huwa na kufuli tatu. Funguo hukaa kwa watu watatu tofauti na kisanduku chenyewe hutunzwa na mtu wa nne, ili asipatikane mmoja mwenye uwezo wa kukifungua peke yake. Ndivyo vinavyoendeshwa vikundi vingi vya kuweka na kukopa nchini, Mbagala sawa na Sumbawanga. Wanachama hukutana kila wiki, pengine chini ya mwembe, pengine sebuleni kwa mmoja wao. Wananunua hisa, wanachangia mfuko wa jamii, waliokopa wanarejesha, fedha inahesabiwa mbele ya macho ya wote, kisanduku kinafungwa. Mzunguko ukiisha wanavunja kikoba na kila mtu anaondoka na chake.

Linalonivutia siku zote katika utaratibu huu ni namna wanavyopatikana watunza funguo. Hakuna anayependekezwa kwa sababu ana gari au kwa sababu nyumba yake ina vigae vya kung'aa. Kinamama hutazamana kidogo, kisha linatajwa jina: muuza maandazi ambaye ukimzidishia fedha anakuita urudi uchukue, mjane aliyewahi kushika rambirambi za jirani yake akazitolea hesabu mpaka shilingi ya mwisho. Mwenye gari anaweza kuwamo kikundini, hisa zake zikawa nyingi kuliko za wote, na bado ufunguo asipewe. Wala hanuni. Fedha zake zimo humo humo kisandukuni, na akiwa na akili timamu atataka zilindwe na yule muuza maandazi.

Hali ni hiyo hiyo kila tunapokuwa na kitu tusichotaka kipotee. Baba akifariki na kuacha mashamba na watoto wa mama wawili, ukoo hukaa kutafuta msimamizi wa mirathi, na anayetafutwa ni yule asiyeweza kuuza kiwanja cha yatima kwa siri. Kijana akitaka kuoa, mshenga hateuliwi kwa unene wa pochi. Mama anayeondoka kwenda kutibiwa mbali huwaacha watoto wake kwa jirani atakayewalisha pamoja na wanawe, sinia moja. Hapo hakuna anayeuliza kama jirani huyo amejenga au amepanga.

Kwa hiyo kipimo cha kumjua mtu tunacho, na tunakitumia vizuri. Kinachoniumiza ni kwamba tunakitumia kimyakimya, katika mambo ya ndani, halafu tukitoka hadharani tunashika kipimo kingine kabisa na kukipigia ngoma. Watoto wetu wanatazama hicho cha hadharani.

Nenda harusini. Viti vya mbele vimevalishwa vitambaa na vina wenyewe, na wenyewe ni waliochanga zaidi. Mwalimu aliyemfundisha bwana harusi kusoma na kuandika yuko nyuma, karibu na jenereta, kama kweli alifika. Kadi aliyopelekewa ilitaja kiwango cha mchango kinachokaribia nusu ya mshahara wake. Nenda msibani usikilize inaposomwa historia ya marehemu: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, vyeo alivyoshika, miradi aliyoiacha. Kama marehemu aliwalipia ada watoto wa dada yake, au kama alimnyanyasa mkewe maisha yake yote ya ndoa, karatasi iko kimya juu ya yote mawili.

Vijana nao wamejitengenezea lugha ya mambo haya. Mwenye fedha ametoboa, amejipata. Asiye nazo hajajipata, hata kama ni muuguzi wa zahanati ya kijijini anayezalisha wanawake usiku kwa mwanga wa simu. Swali la ametoboaje halipendwi. Ukilileta unaambiwa una wivu. Nimewasikia wazazi wakimsifia kijana wao aliyerudi likizo na gari jipya, nao hawajui anafanya kazi gani mjini na hawana haja ya kujua. Mdogo wake wa darasa la sita alikuwa pale pale anasikiliza. Somo alilolipata sebuleni siku ile litalishinda somo la maadili atakalofundishwa shuleni kwa mwaka mzima, maana la sebuleni limefundishwa na baba na mama yake.

Gharama ya kipimo hiki cha hadharani inajulikana. Iko kwenye mikopo inayoitwa kausha damu, ambayo watu wazima wenye kazi zao wanaichukua kwa riba ya kutisha, na kwa wengi wao fedha hizo haziendi kwenye dawa wala ada. Zinakwenda kwenye ukumbi, sare ya sherehe, simu ya toleo jipya. Wapo walimu ambao kadi zao za benki zimekaa mikononi mwa wakopeshaji pamoja na namba ya siri, mshahara ukiingia mkopeshaji anatangulia kuutoa. Sina ujasiri wa kuwalaumu. Mtu akishajua kwamba heshima yake inahesabiwa kwa kinachoonekana, atanunua kinachoonekana, na atakinunua hata kwa damu.

Watu wa pwani waliyatafakari haya zaidi ya karne mbili zilizopita, na walikuwa na sababu. Pate, katika visiwa vya Lamu, ulikuwa mji wa fedha. Waungwana wake walijenga nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta za ndani wakazijaza zidaka na kupanga humo vyombo vya kauri kutoka China. Vitanda vyao vilinakshiwa kwa pembe za ndovu. Kisha vikaja vita na fitina za miji jirani, biashara ikahama, na mji ukafifia. Hapo ndipo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga utenzi wa Al-Inkishafi, ambao mpaka leo wajuzi wengi wanauweka kileleni mwa ushairi wa Kiswahili. Anautembeza moyo wake ndani ya majumba yaliyobaki matupu, chumba kwa chumba, na kuuuliza wako wapi waliokuwa humu.

Ninachokiheshimu kwa mshairi huyu ni kwamba hakumnyooshea kidole tajiri wa mtaa wa pili. Aliugeukia moyo wake mwenyewe, akijua kwamba nao ulitamani zile taa na zile kauri. Mimi ningeongeza jambo moja: majumba yale yalisimama juu ya kazi ya watumwa, na waliobeba maji ya kukandia chokaa hawakuachiwa ukuta wenye majina yao. Leo wanakijiji wa Pate wanalima tumbaku katikati ya magofu hayo.

Tanzania ilijaribu jambo ambalo Pate haikulijaribu. Ilitaka kukiweka kipimo cha tabia katika masharti ya uongozi, kwa maandishi, na kisa cha jaribio hilo kinastahili kusimuliwa kwa urefu kwa sababu vijana wengi wanalijua jina la Azimio la Arusha bila kujua kilichotangulia.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu, baadhi yao wakiwa katika majoho ya kitaaluma. Walikuwa wanapinga mpango mpya uliowalazimisha wasomi kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo walipwe asilimia 40 tu ya mshahara. Bango moja lilisema afadhali wakati wa ukoloni. Rais, Mwalimu Julius Nyerere, aliwapokea akiwa na mawaziri wake, akasikiliza tamko lao likisomwa. Ndani yake mlikuwa na shutuma kali: kwamba wanasiasa wananeemeka kwa mishahara minono, nyumba na magari, huku wasomi wakiambiwa wajinyime.

Mwalimu alikasirika, na waliokuwapo hawakuisahau hasira ile. Wanafunzi zaidi ya 300 walirudishwa makwao, ingawa wengi waliruhusiwa kurejea masomoni baadaye. Lakini katikati ya hasira ile alifanya jambo ambalo wakubwa wengi wakishambuliwa na wadogo hawalifanyi. Aliukubali ukweli uliokuwamo ndani ya maneno makali ya vijana wale. Alisema pale pale kwamba mishahara ya wakubwa, ukiwamo wake, ni mikubwa mno kwa nchi ya wakulima, na kwamba anaukata wake kwa asilimia 20. Alikuwa akilipwa shilingi 5,000 kwa mwezi, zikabaki 4,000. Mawaziri na maofisa wa juu nao wakapunguziwa.

Haukupita muda mrefu, Halmashauri Kuu ya Taifa ya chama tawala, TANU, ikakutana Arusha, kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na tarehe 5 Februari Azimio likatangazwa. Watu hukumbuka zaidi benki na makampuni makubwa yaliyotaifishwa siku zilizofuata. Kwangu mimi moyo wa Azimio ulikuwa katika masharti ya uongozi. Kiongozi wa TANU au wa Serikali hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni yoyote, wala kuwa mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, wala kupokea mishahara miwili au zaidi, wala kuwa na nyumba ya kupangisha. Mume na mke walihesabiwa pamoja, ili mali isihamishiwe kwa mwenza. Na kiongozi hakuwa waziri peke yake. Masharti yaliwashika wabunge, madiwani, wakuu wa mashirika ya umma, na watumishi wa Serikali wa ngazi ya juu na ya kati.

Si wote waliokubali, na wapo waliokataa kwa sababu za heshima. Bibi Titi Mohamed, ambaye jasho lake katika kuwaingiza wanawake TANU miaka ya 1950 halina mfano, hakukubaliana na sharti la nyumba za kupangisha. Ninapolifikiria suala lake siwezi kumwita mroho. Mwanamke ambaye hakupelekwa shule ndefu, aliyetumia miaka yake bora kuzunguka nchi akihutubia, alikuwa na njia gani nyingine ya kujiwekea kinga ya uzee kuliko nyumba? Masharti yale yalikuwa na ukali ambao haukutofautisha kati ya anayejikinga na anayejilimbikizia. Yeyote atakayetaka kuyarudisha leo aanzie hapo.

Hata hivyo masharti yalifanya jambo kubwa: yalimlazimisha kila aliyetaka uongozi ajiulize kwanza anautakia nini. Aliyetaka mali aliambiwa mapema kwamba njia yake iko kwingine, aende akafanye biashara kwa amani na alipe kodi. Hakuna aibu ndani ya uamuzi huo. Aibu ilikuwa ni kukalia viti viwili.

Nyerere mwenyewe aliyaishi masharti yale. Alipong'atuka urais mwezi Novemba 1985, baada ya kuiongoza nchi tangu Uhuru, alirudi Butiama akaendelea kulima. Nyumba kubwa aliyojengewa huko na Jeshi la Wananchi kama zawadi ilikamilika mwaka 1999, na hakuikalia kwa muda mrefu. Tarehe 14 Oktoba mwaka huo huo alifariki katika hospitali ya St Thomas', London. Katika miaka yake ya madaraka alipata nafasi ya kuitafsiri tamthiliya ya Shakespeare kuhusu Juliasi Kaizari, na baadaye Mabepari wa Venisi, jambo linalonieleza mengi kuhusu jinsi alivyotumia saa zake za faragha.

Naandika hivi nikijua kwamba wapo wasomaji waliofukuzwa kwenye mashamba ya babu zao wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya mwaka 1973 na 1976. Wapo waliopanga foleni tangu alfajiri mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakisubiri sabuni na unga. Maumivu yao ni ya kweli, na tabia njema ya Rais haikuyaondoa. Uadilifu hauziki makosa ya sera, na hatuwafanyii haki wazee wetu tukisema kila kitu kilikuwa sawa kwa sababu kiongozi hakuiba. Lakini kuna kitu kimoja uadilifu ule ulikizaa. Mwalimu angeweza kukiri hadharani kwamba jambo fulani limeshindikana, kwa sababu hakuwa na maslahi yake binafsi yaliyofungamana na jambo hilo. Kiongozi mwenye hisa kwenye kosa hawezi kulikiri kosa.

Edward Sokoine alikuwa wa mkondo huo huo. Alirejea kwenye Uwaziri Mkuu Februari 1983, akaanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, na tarehe 12 Aprili 1984 akafa katika ajali ya gari Dakawa, Morogoro, akitokea Dodoma. Alikuwa na miaka 45. Wapo watu waliozaliwa miaka mingi baada ya kifo chake wanaomtaja kwa sauti ya kumkosa, na sijawahi kumsikia yeyote kati yao akitaja ukubwa wa boma lake la ng'ombe.

Mwezi Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichoirithi TANU, ilikutana Zanzibar na kuyalegeza masharti yale. Kiongozi akaruhusiwa hisa, akaruhusiwa kupangisha nyumba, akaruhusiwa mshahara zaidi ya mmoja. Nchi ilikuwa inaingia kwenye uchumi wa soko na hoja za kulegeza zilikuwepo. Kisha ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, namba 13 ya mwaka 1995, inayomtaka kiongozi ajaze fomu za mali na madeni yake. Zamani kiongozi aliulizwa, unamiliki nini? Sasa anaulizwa, umekitaja unachokimiliki? Ni swali la afadhali kuliko kutouliza kabisa, lakini ni dogo. Halikuzuia fedha zaidi ya shilingi bilioni 133 kuchotwa kutoka akaunti ya madeni ya nje ya Benki Kuu katika mwaka wa fedha 2005/06. Waliozichota hawakuwa vibaka wa stendi. Walikuwa watu wanaopewa viti vya mbele.

Najua msomaji kijana atanijibu nini hapa, na jibu lake nalichukulia kwa uzito. Mkono mtupu haulambwi. Amemaliza chuo, ametembeza vyeti mpaka vimechakaa bahashani, anaendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu ya kila siku, halafu anafunguliwa gazeti la Jumapili na kuambiwa kwamba la msingi ni tabia. Akiniona namhubiria aridhike na dhiki atakuwa na haki ya kulitupa gazeti. Umaskini hauna fadhila ndani yake. Njaa humfanya mtu mwema awe mkali kwa watoto wake, na mama anayefia njiani kwa kukosa nauli ya hospitali hakuna heshima aliyoongezewa na ufukara. Kutafuta fedha kwa bidii ni wajibu, na anayezipata kwa jasho na akili anastahili pongezi zetu.

Wala matajiri si watu wa kundi moja. Reginald Mengi, aliyefariki Mei 2019, alikulia katika nyumba ya kimaskini Machame na kufika kwenye utajiri mkubwa. Mtaani ukiuliza kuhusu Mengi, kabla ya viwanda na televisheni zake, wengi watakutajia chakula cha mchana alichokuwa akiwaandalia watu wenye ulemavu kila mwaka. Biashara zake tunaziacha wachumi wazipime. Ninachosema ni kwamba hata kwa mtu aliyekuwa na kila kitu, kumbukumbu ya watu ilichagua kile alichokitoa.

Kwa hiyo namwambia kijana wa bodaboda kwamba sina ugomvi na ndoto yake ya kumiliki pikipiki yake, kisha tano, kisha daladala. Ugomvi wangu ni na wanaomwambia kwamba mpaka afike huko yeye si mtu. Abiria anayesahau begi lenye fedha za mauzo kwenye pikipiki yake, akarudishiwa jioni ile ile, amekutana na mtu aliyefanikiwa, pikipiki iwe yake au ya bosi. Kijana huyo akija kutajirika baadaye, utajiri wake utakuwa na msingi. Asipotajirika, bado amefanya jambo ambalo waliochota mabilioni walishindwa kulifanya, wakati wao walikuwa wameshiba.

Wengine huona kwamba watu wa namna hiyo waliishia na kizazi cha Uhuru. Mfano mmoja unatosha kuwajibu, na uko jirani tu, Kenya. Peter Tabichi ni bruda wa Shirika la Wafransisko na mwalimu wa hisabati na fizikia. Alikuwa akifundisha katika shule ya sekondari ya kutwa ya Keriko, kijiji cha Pwani, Njoro, katika kaunti ya Nakuru. Shule ilikuwa na kompyuta moja, na mwalimu mmoja alibeba wanafunzi 58. Karibu theluthi moja ya wanafunzi walikuwa yatima au wenye mzazi mmoja tu. Ukame ukija, wengine walifika darasani bila kula. Katika mazingira hayo Tabichi alianzisha klabu ya vipaji, akaiimarisha klabu ya sayansi, na wikiendi akaenda kufundisha wanafunzi waliobaki nyuma kwenye nyumba zao. Wanafunzi wake walibuni kifaa cha kuwasaidia wasioona na wasiosikia kupima vitu, na shule ile ikafika kwenye mashindano ya sayansi ya kitaifa. Na asilimia 80 ya mshahara wake aliitoa kuwasaidia maskini, wakiwamo wanafunzi waliokosa sare na vitabu.

Machi 2019, mbele ya hadhara kubwa Dubai, alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani, akiwa amechujwa kutoka majina zaidi ya 10,000 ya nchi 179. Tuzo ilikuwa dola milioni moja za Marekani. Alipanda jukwaani amevaa kanzu yake ya kahawia ya kitawa. Magazeti ya Afrika Mashariki yaliandika juu yake kwa shangwe, na shangwe ilistahili.

Lakini jaribu kuirudisha kalenda nyuma mwezi mmoja tu. Mwezi Februari Tabichi alikuwa mtu yule yule, mwenye mshahara wa mwalimu, anayegawa sehemu kubwa ya mshahara huo, asiye na nyumba wala gari la kifahari. Kwa kipimo cha hadharani, mwezi Februari alikuwa hajajipata. Je, dola zile zilimwongezea uaminifu gani, subira gani, upendo gani kwa watoto wa Njoro ambao hakuwa nao kabla? Mafanikio yake yalikuwa yamekamilika kabla ndege haijamchukua kwenda Dubai. Na wapo walimu wengi wa Kigoma, Turkana na Kasese wanaofanya sehemu ya hayo kila siku, na hakuna jukwaa litakalowaita. Ni juu yetu, majirani zao, kuwaona bila kusubiri waonwe na watu wa mbali.

Sisi wa magazeti tunabeba sehemu yetu ya lawama. Tunachapisha orodha za matajiri, picha za majumba na magari ya wasanii, na harusi zilizogharimu mamilioni, kwa sababu zinauza. Mtunza ghala aliyekataa kusaini hati ya mzigo hewa na akahamishiwa wilaya ya mbali kwa sababu hiyo hatumwandiki, na tukimwandika tunamweka ukurasa wa ndani, chini, aya tatu. Naomba wahariri wenzangu tuanze kumtafuta mtu huyo kwa bidii ile ile tunayotumia kumtafuta bilionea. Habari yake ina mkasa, ina hatari, ina uamuzi mgumu uliofanyika bila shahidi, na ndiyo tunayotaka watoto wetu waisome.

Kwa kamati za harusi ombi langu ni jepesi: mkae na orodha ya wageni, na kabla ya kuandika majina ya viti vya mbele, waulizeni bwana na bibi harusi ni nani aliyewafanya wakawa watu. Wakitaja shangazi asiye na mchango, akae mbele.

Na kwa mzazi mwenzangu ambaye mwanawe amerudi na gari: mpongeze, mbariki, kisha mkae wawili na umwulize fedha imepatikanaje, mdogo wake akiwepo na kusikia. Kama jibu ni safi, mtoto huyo mdogo atajifunza kwamba fedha safi ina mdomo wa kujieleza. Kama jibu linazungukazunguka, bora alisikie likizunguka angali mdogo.

Halafu siku tukikaa kuandika historia ya marehemu, kabla ya vyeo na miradi, tumwite aliyekuwa dada wa kazi katika nyumba ile. Tumuulize alilipwa lini, alikula wapi, aliitwa kwa jina lake au kwa matusi, na alipougua nani alimpeleka hospitali. Atakachokisema kiandikwe.